Tangi la kwanza la samaki wa dhahabu: anza na maji, samaki waje baadaye

Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, ndani ya mfuko wa nailoni, na mara nyingi anasindikizwa na bakuli la kioo la lita tatu au nne. Bakuli hilo ndilo linalomuua. Wiki ya kwanza anaogelea vizuri, wiki ya pili anapanda juu kugombania hewa, wiki ya tatu amelala ubavu. Mwenye naye huambiwa kwamba samaki hawa ni dhaifu, ilhali ni wagumu kuliko wengi: wamefugwa China kwa zaidi ya miaka 1,000, na akitunzwa ipasavyo mmoja huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi ya hapo.

Kinachomuua ni uchafu wake mwenyewe. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula; kinachoingia mdomoni kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo anatafuta chakula siku nzima na kuchafua siku nzima. Sehemu mbaya zaidi ya uchafu huo haionekani kwa macho: ni amonia inayotoka kwenye matamvua yake kila anapopumua. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na bado yakawa sumu. Ndiyo maana hapa tunakwenda kwa mpangilio ambao dukani hutaelezwa mara nyingi: tangi, maji, filta, kusubiri wiki nne hadi sita, kisha samaki.

Samaki gani, na wangapi

Wako wa makundi mawili. La kwanza ni wenye mwili mrefu na mkia mmoja, kama kometi na wale wa kawaida wa rangi ya chungwa. Hawa hufika sentimita 25 hadi 30, wana mbio, na kwao halisi ni dimbwi la nje. La pili ni wenye mwili wa mviringo na mkia uliogawanyika: oranda mwenye kofia ya nyama kichwani, ryukin mwenye nundu, ranchu asiye na pezi la mgongoni, na yule mweusi mwenye macho yaliyotokeza. Hawa huishia sentimita 15 hadi 20, na ndio wanaofaa tangi la sebuleni. Usiwachanganye. Wa mwili mrefu watamaliza chakula kabla oranda hajageuka.

Hesabu inayofanya kazi kwa wale wa mviringo ni lita 75 kwa samaki wa kwanza na lita 35 hadi 40 kwa kila anayeongezeka. Nunua angalau wawili, maana ni samaki wa kukaa na wenzao. Tangi tutakalotumia hapa kama mfano linabeba lita 130 hivi: wawili kwa raha, na hapo usizidishe mwaka wa kwanza.

Tangi na stendi

Tangi la dukani ni sawa, lakini fundi vioo mzuri atakutengenezea kubwa zaidi kwa pesa ileile. Mpe vipimo hivi: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Mwambie aweke mikanda miwili ya kioo, upana sentimita 5, imelazwa kwa ndani juu ya kingo mbili ndefu. Bila mikanda hiyo, msukumo wa maji huyapinda mavioo marefu kwenda nje kidogo kidogo hadi gundi iachie. Ukijaza maji hadi sentimita 40 kutoka chini, ukaondoa unene wa kioo na nafasi ya mchanga, unabaki na zile lita 130.

Simama pale anapogundisha. Silikoni iwe ile inayonuka siki wakati wa kukauka, na isiwe na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za kuzibia bafuni na sinki nyingi zina dawa hiyo, na inaua samaki. Soma tyubu kabla haijafunguliwa. Baada ya kugundisha, tangi likae siku saba kavu. Kisha lijaze maji likiwa nje, mahali tambarare, limezungushiwa magazeti makavu kwenye kingo za chini, na uliache siku mbili. Tone moja tu likivuja litaacha doa la kijivu kwenye gazeti hata kama kioo chenyewe kinaonekana kikavu. Kuvuja kwa tone hakujirekebishi. Rudisha kwa fundi, gundi ya zamani ikwanguliwe yote ndipo iwekwe mpya.

Sasa uzito. Kioo ni kilo 30, maji kilo 130, mchanga kilo 12 au 13: unakaribia kilo 175 juu ya eneo dogo. Meza ya televisheni haibebi hilo, na kabati la mbao zilizobanwa kwa gundi huvimba likilowa. Stendi ya chuma cha mraba cha milimita 40 kutoka kwa fundi wa kuchomelea, yenye nguzo sita badala ya nne, inatosha kwa miaka mingi. Juu yake laza plaiwudi ya milimita 18, kisha kipande cha lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, unene sentimita moja. Povu humeza vijipunje na vipindo ambavyo vingekipasua kioo cha chini. Weka pima maji kwa urefu na kwa upana. Kama stendi imeinama, sawazisha kwa kuweka kipande chini ya mguu wa stendi, kamwe si chini ya kioo.

Mahali: mbali na dirisha linalopigwa na jua, mbali na jiko, karibu na soketi. Kuna jambo jingine ambalo nyumba nyingi za kwetu hulisahau, nalo ni dawa ya mbu ya kupuliza. Viini vya dawa hizo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi kisipulizwe kabisa. Tumia chandarua na nyavu za madirisha.

Maji yako yanatoka wapi

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inachoma matamvua na kuua bakteria wa filta, wale wanaoondoa amonia. Njia rahisi ni kuyaacha kwenye ndoo au pipa lililo wazi kwa saa 24 huku jiwe la hewa likiyavuruga. Bila hewa, yape saa 48. Ukikosa muda, tumia dawa ya kuondoa klorini, ambayo kiini chake mara nyingi ni sodiamu thiosulfeti. Duka la kemikali za maabara huuza fuwele zake. Yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji, kisha tumia mililita 10 za mchanganyiko huo kwa kila lita 10 za maji ya bomba, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 20. Koroga, subiri dakika tano, yako tayari. Maji ya simtanki yaliyokaa siku mbili au tatu kwa kawaida yamekwisha kupoteza klorini, lakini ukiona tangi limejazwa leo asubuhi, yachukulie kama ya bomba.

Maji ya kisima hayana klorini ila yana mambo yake. Yanatoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, hivyo nayo yapigwe hewa usiku mzima. Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam na Mombasa, vina maji magumu au yenye chumvi. Ugumu si tatizo. Samaki wa dhahabu anapenda pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 7 hadi 8 na maji yenye madini. Chumvi ndiyo ya kuangalia: kama huwezi kuyanywa kwa sababu ya ladha, changanya nusu kwa nusu na ya bomba.

Maji laini ndiyo yanayowashangaza watu. Maji ya mvua, na ya mabomba ya Nairobi yanayotoka bwawa la Ndakaini, yana madini machache ya kushikilia pH. Bakteria wa filta hula madini hayo wanapofanya kazi, na yakiisha pH huporomoka ghafla hadi chini ya 6, bakteria wanasimama, na amonia inapanda. Kinga yake ni rahisi: mfuko wa wavu wenye konzi mbili za makombe ya baharini yaliyopondwa, umeoshwa vizuri na kuwekwa mahali maji ya filta yanapopita. Yanayeyuka polepole na kurudisha madini kadiri yanavyotumika.

Filta, hewa na umeme

Filta si ya kuyafanya maji yaonekane safi. Ni nyumba ya bakteria. Sponji, vipande vya kauri au hata vipande vya brashi ya plastiki ya kusugulia, vyote vinafaa mradi viwe na uso mwingi wa kushikilia bakteria na maji yapite muda wote.

Kwa tangi letu tafuta filta ya kuning'inia au ya ndani yenye uwezo wa lita 800 hadi 1,000 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa filta ikiwa tupu. Ikishajaa sponji na uchafu hupungua sana. Ongeza na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Hiyo ya pili ina kazi mbili: inatia oksijeni, na ndiyo akiba yako umeme ukikatika, kwa kuwa pampu ndogo ya betri au ya volti 12 kutoka kwenye sola inaweza kuiendesha. Samaki wa mviringo hawapendi mkondo mkali. Ukiona samaki wanasukumwa hadi pembeni, elekeza mdomo wa filta kwenye kioo.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, au uweke vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira. Vinginevyo umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira, yanajaza pampu, na kutoka hapo yanaingia kwenye ekstensheni. Kila waya unaotoka kwenye tangi uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linaloteremka na waya lidondokee sakafuni na si kwenye soketi. Chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono majini.

Gharama ya umeme isikutishe. Filta ya wati 15 na pampu ya wati 5, zikiwaka saa 24, zinakula uniti 14 hadi 15 kwa mwezi. Lakini ni saa 24 kweli. Kuzima filta usiku ili kuokoa umeme ni kuua bakteria uliowalea mwezi mzima.

Hita huhitaji. Shida ya kwetu ni joto. Samaki hawa wanastarehe kati ya nyuzi 18 na 24, na Nairobi, Arusha au Mbeya maji hukaa humo yenyewe. Pwani tangi hufika 28 na kupita. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni miligramu 9 hivi kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na wakati huohuo samaki anahitaji zaidi. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa apunguze idadi ya samaki, aongeze mawe ya hewa, na aelekeze feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Feni hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya maji yavukize, ingawa miezi yenye unyevu mwingi inashusha kidogo. Usitumbukize barafu, kushuka kwa ghafla kunamdhuru samaki kuliko joto lenyewe.

Kupanga ndani

Tumia mchanga wa mto, si wa baharini. Uoshe kidogo kidogo kwenye ndoo, ukikoroga kwa mkono na kumwaga, hadi maji yanayomwagika yawe meupe. Kilo 12 zitakuchukua saa nzima, na hakuna njia ya mkato. Tabaka liwe sentimita mbili tu. Likiwa nene zaidi, chini hukosa hewa na kuoza. Kokoto ndogo za ukubwa wa punje ya mahindi epuka kabisa: samaki huyu anachota mchanga mdomoni, anaupepeta, anautema, na kokoto ya ukubwa huo humkwama kooni. Ama mchanga laini, ama mawe makubwa kuliko mdomo wake wote.

Mawe ya mapambo yawe laini, yasiyo na ncha, hasa kwa yule mwenye macho ya kutokeza. Dondoshea siki juu ya jiwe: likitoa povu lina chokaa na litapandisha pH. Mimea mingi ataila, lakini anubias na ule uitwao jani la Java, zilizofungwa kwenye jiwe kwa uzi, huponea kwa sababu majani yake ni magumu.

Weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya sahani ili usitibue. Washa filta na pampu. Maji yakiwa na ukungu mwepesi siku ya kwanza, ni vumbi la mchanga.

Wiki za kusubiri

Hapa ndipo tangi linafaulu au linashindwa, na ndipo karibu kila anayeanza anaruka.

Bakteria wa kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inageuza damu ya samaki iwe ya kahawia isiyobeba oksijeni, akakosa hewa ndani ya maji yenye hewa. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na unaiondoa kwa kubadili maji. Bakteria hawa wote wapo, lakini wanaongezeka taratibu sana, na wa kundi la pili wanachelewa zaidi. Tangi jipya halina wa kutosha hata kwa samaki mmoja. Kazi yako ni kuwalisha amonia kabla samaki hawajaja.

Kwa hili unahitaji kipimo cha matone cha amonia na nitriti, na kikipatikana cha nitreti na pH. Vipimo vya karatasi havina uhakika wa kutosha. Kama bajeti ni ya kuchagua, acha taa ya rangi na kasri la plastiki, nunua kipimo.

1. Tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita. Ukipata amonia ya maji ya asilimia 10 isiyo na sabuni wala manukato, mililita 2.5 zinatosha lita 130. Itikise chupa kwanza: ikitoa povu linalokaa, ina sabuni, usiitumie. Ukiikosa, chukua kamba mbichi mmoja mkubwa, mfunge kwenye soksi ya nailoni, mning'inize majini hadi kipimo kisome 2 au 3, kisha mtoe. Atanuka siku hizo, vumilia.

2. Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye daftari. Siku saba hadi kumi na nne za mwanzo pengine hutaona kitu, amonia imesimama palepale. Usiongeze, usibadili maji, usioshe chochote.

3. Amonia ikianza kushuka, nitriti itatokea. Kila amonia ikikaribia sifuri, rudisha 1 hadi 2. Usizidishe 4, nyingi mno huwadumaza bakteria wenyewe.

4. Nitriti itapanda na kukaa juu kwa muda unaochosha, wiki mbili au zaidi, kisha siku moja utakuta imeporomoka. Ndiyo kawaida yake. Isiposhuka baada ya wiki sita, pima pH: ikiwa chini ya 6.5, badili nusu ya maji na weka ule mfuko wa makombe.

5. Mtihani wa mwisho: tia miligramu 2 jioni. Jioni ya kesho yake amonia isome sifuri na nitriti isome sifuri. Vyote viwili. Hapo badili asilimia 75 ya maji ili kuondoa nitreti iliyojaa, na lete samaki ndani ya siku moja au mbili. Ukichelewa, endelea kutia amonia kidogo kila siku, bakteria wasife njaa.

Kuna njia ya kufupisha: sponji chafu kutoka tangi la mtu ambalo limekaa miezi na samaki wake wazima. Ibebe ikiwa imelowa maji ya tangi hilohilo, uifikishe haraka, uiweke kwenye filta yako. Muda unaweza kushuka hadi wiki moja au mbili. Bado fanya mtihani wa mwisho. Hasara yake ni kwamba ugonjwa wa tangi lile huja nayo.

Na kama umeshanunua samaki, wako nyumbani sasa hivi kwenye tangi jipya? Usiwarudishe. Pima kila siku. Amonia au nitriti ikifika 0.5, badili nusu ya maji palepale. Lisha kidogo mara moja kila baada ya siku mbili. Nitriti ikitokea, yeyusha chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita, yaani gramu 130 kwa tangi hili, kwanza kwenye jagi kisha uimimine polepole. Chumvi huizuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Ni wiki sita za kubeba ndoo kila siku, lakini samaki hupona.

Siku ya samaki

Dukani, chagua anayeogelea huku mapezi yamekunjuka, anayechokonoa chini, na ambaye wenzake tangini ni wazima. Akiwepo mmoja aliyekufa humo, ondoka.

Nyumbani zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane. Ufungue, mimina kikombe cha maji ya tangi, subiri dakika tano, rudia mara nne au tano. Usikokoteze kwa saa nyingi: mfuko ukifunguliwa, kaboni dayoksaidi inatoka, pH ya maji ya mfuko inapanda, na amonia iliyomo inageuka kali. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Mchukue samaki kwa mkono uliolowa au wavu laini, umweke tangini. Maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie. Chakula ni kesho.

Kulisha

Punje zinazozama ni bora kuliko zinazoelea, kwa sababu wa mviringo wakichota juu humeza hewa, wakavimba na kuelea kichwa chini. Loweka punje kwenye kijiko cha maji dakika chache kabla. Mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, kilichobaki kitoe. Mara mbili kwa wiki wape njegere iliyochemshwa, imenyofolewa ganda na kupondwa, au jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto. Siku moja kwa wiki wasile. Mkate, wali na ugali si chakula chao.

Watakuomba kila ukipita. Waambie watoto mapema nani analisha, maana samaki wengi hupata kifungua kinywa mara tatu kutoka kwa watu watatu.

Kila wiki

Badili asilimia 30 hadi 40 ya maji: ndoo mbili hadi mbili na nusu za lita 20. Nyonya kwa mpira kutoka chini, ukipitisha juu ya mchanga penye kinyesi. Maji mapya yawe hayana klorini na joto lake lilingane na la tangi kwa mkono wako. Nitreti ikae chini ya 40, ikiwezekana chini ya 20; ikizidi, badilisha zaidi.

Filta ioshwe filta inapopunguza kasi, pengine mara moja kwa mwezi, na ioshwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Kamua sponji mara mbili tatu, rudisha ikiwa bado ya kahawia. Ukiiosha kwa maji ya bomba hadi iwe mpya, umerudi siku ya kwanza. Na usibadili sponji zote kwa pamoja.

Umeme ukikatika zaidi ya saa moja, acha kulisha, washa pampu ya betri. Kama huna, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya nusu saa. Filta ya kopo lililofungwa ikikaa bila maji kupita kwa saa nyingi, ndani huoza. Ifungue na usuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, la sivyo inautapika uozo huo kwa samaki.

Ukiona hiki, fikiria hiki

Samaki wote wako juu wanapumua kwa kasi: badili nusu ya maji kwanza, ongeza hewa, ndipo upime. Ni amonia, nitriti au joto, mara chache sana ni ugonjwa. Akiwa mmoja tu, mwangalie matamvua.

Maji meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, wiki za mwanzo: bakteria waelea kwa sababu chakula ni kingi. Punguza chakula, yatajisafisha. Maji ya kijani ni mwani unaokula mwanga; punguza taa hadi saa sita kwa siku na uzibe jua.

Mabaka meusi yanayojitokeza kwenye samaki wa rangi ya chungwa mara nyingi ni makovu ya kuchomwa na amonia yanayopona. Michirizi myekundu kwenye mapezi yenyewe ni dalili kwamba maji ni mabaya sasa hivi.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwili mzima na kwenye mapezi, samaki akijikuna kwenye mawe, ni kimelea cha madoa meupe. Panda na chumvi taratibu hadi gramu 3 kwa lita katika muda wa siku mbili, kaa nayo siku 10 hadi 14, na kila ukibadili maji rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa. Mimea itolewe kwanza.

Ila kama vidoa vyeupe viko kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mfupa wa mbele wa mapezi ya ubavuni tu, vimepangana kwa mstari, na samaki anamfukuza mwenzake asubuhi nzima, usitie dawa yoyote. Huyo ni dume aliyekomaa, na amekuwa tayari kuzaa.